Siku ya Jogoo

Kila mwisho wa mwaka, kila nyumba iliruhusiwa kubaki na siku moja tu ya mwaka huo. Nyingine zote zilifutwa vichwani kabla ya alfajiri ya mwaka mpya; vinyongo vya zamani havikufutwa. Shemdoe, fundi mwashi, alifika ofisi ya mtaa na mkewe kuchagua siku yao, akiwa hoi.

"Harusi ya Chausiku," mkewe alisema. "Au unataka mkwe akija tumfukuze tukidhani mhuni?"

"Na siku ya Hoza, mama Chausiku?"

Hoza ni kaka yake Shemdoe. Walinuniana miaka tisa kwa ajili ya mpaka wa shamba, hadi Juni ya mwaka huo, Hoza alipokuja na jogoo, wakalia, wakala.

"Mtapatana tena, baba Chausiku."

"Miaka tisa, mke wangu! Nguvu ya tisa nyingine naitoa wapi?"

Karani alikohoa. Shemdoe akabonyeza kidole kwenye kioo cha mashine: harusi.

Mlangoni walimkuta Hoza akicheka mpaka gego la mwisho. "Mdogo wangu, sisi tumebaki na siku ya jogoo! Shemeji yako kanuna, alitaka ya kuzaliwa mjukuu. Kesho asubuhi nakuja kula pilau ya mwaka mpya kwako."

"Karibu, kaka," Shemdoe alisema, akachelewa kumwachia mkono.

Miaka yote tisa alikuwa ameapa kumkata Hoza akikanyaga ua wake. Walipofika nyumbani, alichukua panga akampa mkewe.

"Kalifiche mahali nisipopajua."

"Kesho hata mimi sitakumbuka kwa nini nimelificha. Ukilikuta je?"

Shemdoe alikaa kizingitini, akitazama njia ya kwa Hoza.