Ukuta Unaosikiliza

Tangu mji ujengewe kituo kipya cha afya, chenye kuta nyeupe za zege zinazomsikiliza mgonjwa na kumjibu, Mzee Shomari alikwenda kila asubuhi, ingawa presha yake ilikwisha kushuka. Mkewe, Bi Tabu, wivu ukamla. Siku moja akamfuata, akamkuta ameegemea ukuta, analia. Nyumbani hakuwahi kulia, hata walipomzika mtoto wao.

Mumewe alipoondoka, Bi Tabu akausogelea ukuta ule. "Anakwambia nini?"

"Siri ya mgonjwa haitolewi, mama," ukuta ukajibu kwa upole. "Na wewe, unalala vizuri?"

Alitaka kuutukana. Badala yake akaketi, akaanza kusema.

Sasa huenda kituoni wote wawili, kila mmoja na ukuta wake. Nyumbani hawana la kuzungumza.