Kitunguu Chini ya Kuku

Siku ya sita, kuku wa Bi Mwatumu alikuwa bado kapuni, ameatamia kitunguu. Jogoo alikufa kwa kideri, na mayai yote yalishaliwa.

"Mchovye maji baridi mara tatu, ataacha," alisema wifi yake, Mgeni, akisogeza ndoo.

Bi Mwatumu akamnyanyua. Kuku alivimba, akamdonoa, kifua kinawaka moto. Ndipo wakakiona kitunguu: kimechipua jani la kijani, refu kama kidole.

"Yamwage hayo maji, wifi," alisema Bi Mwatumu, akimkabidhi kuku na kuvua mtandio wa kubebea mayai. "Jirani yetu Mama Chiku jogoo wake mzima; mayai ya kwake yataanguliwa."

Akatoka mbio, pekupeku. Mgeni alimrudisha kuku kapuni, naye akakivuta kitunguu kwa mdomo, taratibu, mpaka chini ya kifua.