Kitambaa cha Kumeza

Mwalimu wa yoga alimfundisha Mwanakheri kusafisha tumbo kwa kumeza kitambaa kirefu, ncha moja akiishika mkononi, kisha akivute taratibu. Ila hayo yalifanywa mbele ya mwalimu. Leo alijifungia bafuni peke yake.

"Mwanangu, tumbo si sufuria la kusuguliwa!" mama yake, Bi Tunu, alilia mlangoni.

"Mama nawe kwa woga! Nikitoka humu nitang'aa."

Halafu kikohozi, na ndoo ikapinduka. Bi Tunu aliusukuma mlango kwa bega hadi komeo likang'oka. Mwanakheri alikuwa sakafuni, macho yamemtoka, mikono yote miwili mitupu.

Bi Tunu akampanua kinywa, akaingiza vidole, akiitafuta ncha ya kitambaa alichokifua mwenyewe asubuhi.