Mwito wa Kila Saa

Saa tatu kamili asubuhi, Papa Élysée alishika mikrofoni ya redio akaita watu ambao matanga yao yalikwisha kufanywa.

"Mobile quatre, Mobile quatre, hapa ni base Kashuga. Munanisikia?"

Redio ikakoroma tu. Akangoja dakika nzima huku akitazama saa ya ukutani, kisha akaiweka mikrofoni chini polepole. Mama Vestine alikuwa ameketi nyuma yake na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

Alikuwa ametoka Goma kuja kuwasikiliza wafanyakazi wa shirika la misaada. Wenyewe walimwita Mama Psy. Kazi yake ilikuwa kufika penye risasi, kukaa na watu walioona mabaya, na kuwauliza wanalala vipi. Safari hii alitumwa kwa mtu mmoja.

Ilikuwa siku ya tisa tangu Mobile quatre, gari lao la nne, likutwe limeungua kwenye barabara ya Ntoto, huko Walikale. Dereva Théophile na muuguzi Mbambu hawakuonekana, hai wala wafu. Damu ilikuwapo, na katika vita hii nani asiyejua maana yake? Magari yote yakasimamishwa. Wakubwa wa Goma wakangoja siku tano, wakaziandikia familia barua. Misa ikasomwa, watu wakala maharagi ya kilio, wakarudi kazini.

Élysée, mtu wa redio, peke yake ndiye aliyekataa kuamini. Aliita kila saa, toka saa tatu asubuhi mpaka giza. Hakulala, hakwenda kwake, bugali aliitazama tu mpaka ikakauka. Wenzake walikuwa wakimkwepa, na kusema kweli walimwogopa, maana kila alipoita aliwafukulia wafu wao.

"Papa Élysée," Vestine alimwuliza, "ukiita, unasikia nini?"

"Kimya, Mama."

"Na kile kimya kinakuambia nini?"

"Kinaniambia radio yao ya mukono haiko na charge mingi. Charge ikiwa kidogo, radio inasikia, lakini haina nguvu ya kujibu. Mimi njo niliwafundisha."

Vestine akatikisa kichwa kidogo. Maneno ya namna hii alikuwa ameyasikia mengi. Kule Karuba alimjua mama aliyemtengea sahani mwanawe aliyezikwa mbele ya macho yake. Na mwaka jana, huko Walikale, alimwacha mhudumu mmoja aendelee kuwangoja wafu wake, akijiambia huzuni haiharakishwi. Wiki moja baadaye yule mtu alijiua. Vestine aliapa kwamba hilo halitamtokea tena. Huyu Papa, mwenye watoto watano, hatampoteza.

Élysée akaita saa nne. Akaita saa tano, na saa sita. Saa saba, alipoita na kukosa jibu, mikrofoni ikamponyoka mkononi.

"Mama, ile asubuhi waliniuliza, barabara iko namna gani? Nikawaambia iko muzuri, mupite." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi njo niliwapitisha. Nikiacha kuita, basi niliwaua."

Kumbe ndicho kilichokuwa kinamla. Vestine akasogeza kiti, akaishika mikono yake.

"Hukuwaua, Papa. Wenye bunduki njo waliwaua. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini wewe uko hai, na kwako kuna watoto wanauliza baba iko wapi. Uwaache wale wapumuzike. Na wewe upumuzike."

Akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na Vestine naye machozi yakamtoka, kwa sababu mama psy pia ni mtu. Hawakuachana mikono. Mshale wa saa ukafika saa nane, ukapita. Élysée aliutazama, midomo ikamchezacheza, lakini hakuita.

Saa tisa ilimkuta amelala kwenye benchi, anakoroma. Vestine aliizima redio kwa mkono wake mwenyewe ili isimwamshe. Kesho yake Élysée alikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaomba aongezewe. Wenzake wakaja mmoja mmoja kumshukuru Vestine, na mpishi akamchemshia mayai mawili. Kwenye ripoti aliandika kwamba mfanyakazi amekubali msiba wake. Tangu vita ianze hakukumbuka kufurahi kama siku hiyo.

Siku ya tatu, wakulima wa Ntoto walifika na machela mbili. Walikuwa wameziokota maiti za Théophile na Mbambu kando ya barabara. Walileta pia daftari la gari, lile ambalo kila dereva wa shirika anaandika humo miito yote ya redio, pamoja na saa yake.

Vestine alilipokea, akafungua ukurasa wa mwisho. Papa Élysée alikuwa amesimama begani pake, mtulivu, kofia mkononi.

"Unisomee, Mama," alisema. "Macho yangu bado inaniuma."

Ulikuwa mwandiko wa Théophile, mdogo, ulionyooka.

*Siku ya tisa. Saa tatu: base imetuita. Saa ine: imetuita. Saa tano: imetuita. Saa sita: imetuita. Saa saba: imetuita. Mbambu anasema tuvumilie hapa porini, Élysée akiendelea kuita, watakuja tu.*

*Saa munane: kimya.*

*Saa tisa: kimya. Tunatoka barabarani.*