Sura Iliyobaki Kwenye Kioo

Fundi Bashiri alikifanya kioo cha simu kiwe cheupe chote, na bado yule mwanaume alikuwa anawatazama.

Alionekana kama moshi. Paji la uso, masikio mawili, kola ya shati. Josephine aliinama juu ya meza ya fundi, akasahau hata kiuno kilichokuwa kinamuuma.

"Huyo ni kaka yangu Yotham," alisema. "Yuko Mwanza."

"Basi mwambie ashuke, nimalize kazi," Bashiri alisema, akacheka peke yake.

Josephine hakucheka. Hakuwa amelala vizuri tangu Jumatano, siku simu ilipomponyoka mama yake ikapiga sakafu. Nusu ya chini ya kioo haikusikia tena kidole. Na bila simu ile, Josephine hakuweza kumwacha mama kutwa nzima. Alhamisi hakwenda kazini. Ijumaa hakwenda. Msimamizi wa kiwanda cha mvinyo alikuwa ameshamwambia: Jumatatu asipoonekana kwenye meza ya kubandika lebo, nafasi ni ya mwingine.

Miezi mitano tu alikuwa nayo kazi hiyo. Kabla yake ilikuwa miaka sita ya kumwogesha mama, kumlisha na kumgeuza kitandani, tangu kiharusi kilipomnyang'anya miguu. Kazi ilipopatikana, Josephine aliikataa. Mama angebaki na nani? Ndipo mama akamwambia kwamba amezungumza na Yotham, naye amekubali kukaa naye kwa video kutwa nzima, huku akiendelea na shughuli zake za ofisini. Jirani angepita saa saba kumgeuza.

"Nenda, mwanangu," mama alisema. "Sitakuwa peke yangu."

Na kweli, kila jioni alipofungua mlango wa chumba, Josephine alimkuta kaka yake ameegemezwa kwenye chupa ya chai, anang'aa.

"Shikamoo, kaka!"

"Hakusikii, amezima sauti. Wako kwenye kikao," mama angesema, akiilaza simu kifudifudi. "Watu wa Mwanza na vikao vyao! Hebu njoo hapa unisimulie. Leo mmebandika chupa ngapi?"

Bashiri alikuwa ameacha kucheka. Alikisogeza kioo karibu na macho.

"Dada, huyu kaka yako mnamtazama kwa namna gani?"

"Mama ndiye anayemtazama. Kwa video. Kila siku, tangu asubuhi."

"Haiwezekani."

"Kwa nini isiwezekane?"

Bashiri alijifuta mikono kwenye suruali. "Hiki kioo si kama vile vya zamani vyenye taa moja nyuma. Hapa kila kinukta kinawaka chenyewe. Ni plastiki za namna yake, zimepakwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ukizipitishia umeme, zinatoa mwanga. Lakini zinachoka. Kinukta kilichowaka sana mahali pamoja kinafifia kuliko wenzake, na hakirudi."

"Zinachoka," Josephine alirudia. Hilo alilielewa bila kufundishwa.

"Sasa mtu aliye hai hatulii. Atakohoa, atajikuna, atageuka kuangalia nani kaingia. Mwanga unahamahama, alama haishiki. Mpaka kola ionekane hivi?" Alitikisa kichwa. "Huyu hajapepesa macho miezi mingi. Hii ni picha, dada. Imewekwa mbele ya mama yako, ikaachwa hapo."

Josephine alikaa kwenye benchi. Akachukua simu yake ndogo, akampigia Yotham. Namba haikupatikana. Alijaribu kukumbuka ni lini aliisikia sauti ya kaka yake kwa mara ya mwisho. Ilikuwa Pasaka, na hata siku hiyo alikuwa na haraka.

Akamwona, kama vile anamwona kwa macho: Yotham anatega picha yake mbele ya kamera, anafunga mlango, anakwenda zake. Na mama huku nyumbani Miyuji anamsimulia mtu asiyekuwepo mambo ya kutwa nzima.

Bashiri alibadilisha kioo. Kipya kilipowaka kilikuwa safi, hakina mtu.

Njiani jua lilikuwa utosini na vumbi la barabara lilimwingia kwenye viatu. Alitaka kukasirika, lakini hasira nayo inahitaji nguvu. Mpaka anafika nyumbani alikuwa ameshaamua. Jumatatu hatakwenda. Wampe mwingine hiyo meza. Kilichobaki ni namna ya kumwambia mama, asije akaanguka na kiharusi cha pili kwa sababu ya Yotham.

Mama alikuwa macho. Alinyoosha mkono hata kabla Josephine hajavua viatu.

"Kimepona?"

"Kimepona, mama." Josephine alimpa simu, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, sikiliza. Kuhusu kaka. Mtandao wa Mwanza siku hizi umekuwa mbaya sana, kwa hiyo mimi nimeona ni heri nibaki tu..."

"Fundi amekuambia nini?"



Mama alimshika kiganja, akakigeuza. Gundi ya lebo ilikuwa imekauka kwenye kucha, nyeupe, siku tatu sasa na haijatoka. Alikitazama kwa muda. Kisha akaiweka simu kifuani, na kwa kidole kimoja akafungua mahali picha zinapohifadhiwa, upesi, bila kutafuta.

"Jumatatu utarudi kazini," alisema. "Ila safari hii nichagulie picha wewe. Ile niliyoiweka mimi nimeshaichoka."