Taa za Korongo

Zamani, maafisa walipokuwa wengi kuliko vibali, Korongo alijipatia riziki kwa kuwaongoza wanyama wa bara kuvua kwa miguu kwenye maji mafupi ya ghuba.

Siku moja akaja Fungo, afisa mpya aliyependa sana kusahihisha.

"Pasipo na taa hapavuliwi," alisema. "Nizione leo, la sivyo naifunga hii kazi yako."

Korongo aliwafikiria wale samaki bapa wenye miiba mkiani. "Taa wapo tele, mheshimiwa."

"Zipo, bwana! Taa si watu."

"Haya, zipo. Zimejifukia mchangani."

"Na zinawaka?"

"Ukizikanyaga utajua mwenyewe. Ndiyo maana sisi huburuta miguu, zisikie tunakuja zitupishe."

"Kuburuta miguu!" Fungo alifoka. "Ofisi nzima tunasemwa kwa hilohilo. Mimi siburuti."

Akaingia majini kwa mwendo wa gwaride, magoti juu. Hakufika mbali. Yowe alilopiga liliwarudisha kaa wote mashimoni.

Korongo alimkokota hadi nchi kavu, akamkanda wayo kwa maji ya moto.

"Pole, mheshimiwa. Sasa tuseme zinawaka au haziwaki?"

"Zinawaka!" alilia Fungo. "Zinawaka mpaka kwenye nyonga! Kibali umepata, ndugu yangu. Ila nakusihi, mchana uwe unazizima."