Ukurasa wa Kwanza

Ella alikwama tena palepale, ukurasa wa kwanza wa kitabu.

"Itazame picha kwanza, mwanangu," Regina alimsihi. "Neno likikushinda, liruke, twende mbele."

Ella akaitazama picha, akatikisa kichwa. Regina akaielekeza simu kwenye mstari, na programu yake ya kusomea ikasoma Kiingereza kwa sauti nyororo ya kitoto. Ella akafuatisha maneno mawili, akaishia hapo.

Simu na kitabu vilitumwa na baba yake, Nshimirimana, kutoka Kanada. Walipotezana wakati wa kukimbia Burundi. Mama mtu alifia ufukweni, na Regina, muuza dagaa wa ufukwe huo wa Kibirizi, akambeba mtoto mchanga mgongoni mpaka kwake Gungu, akamlea kama wa kumzaa. Sasa Ella yuko darasa la pili, na baba kapatikana. Sharti lake ni moja tu: mtoto akimaliza kusoma kitabu, anakuja kumchukua. Hataki mwanawe akachekwe shuleni huko ugenini.

Jioni baba mtu alipiga simu. "Amefika wapi, dada?"

"Bado ukurasa wa kwanza, baba Ella."

Baba mtu akasema, "Kitanda chake nimeshakitandika."

Regina alikata simu akalia kwa aibu. Maana kila Ella alipokwama, yeye roho yake ilitulia, na huo ndio ukweli wenyewe. Lakini mtoto wa mwenzio ni amana, jamani. Akajiapiza kumfundisha kwa nguvu zote.

Kesho yake mvua iliwawahi Kibirizi. Dagaa wakaanuliwa mbiombio, naye akarudi nyumbani mapema. Alipofika chini ya dirisha akasikia kitabu kinasomwa ndani. Mstari ule wa kwanza aliujua kwa kuuzoea. Iliyofuata hakuwahi kuisikia. Karatasi zilifunuliwa moja baada ya nyingine, na sauti nyororo ya kitoto ikaendelea bila kukwama popote. Akatabasamu. Afadhali, mtoto ameanza kuisikiliza simu mwenyewe.

Akashika pindo la khanga ajifute maji usoni. Vidole vikagusa fundo, na ndani ya fundo, simu ile ile ya Kanada.

Regina alisimama pale, mvua ikimnyeshea. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka njiani, akakohoa kwa nguvu, akasubiri kitabu kifichwe ndipo akabisha hodi.